Karatasi ya Siku za Nyumbani

Siku ile shule ilipotangaza kwamba Papa Casimir atafanya kazi siku mbili tu kwa juma, watoto wa Lubuye, mtaa wa Kalemie, waliruka ruka barabarani mpaka viatu vikawatoka. Na walikuwa na haki. Casimir alikuwa msimamizi wa nidhamu, na nidhamu yenyewe ilikuwa kipande cha mpira wa tairi, kirefu kama mkono wa mtu mzima. Saa moja na nusu asubuhi alisimama getini akikizungusha kiganjani. Mtoto aliyechelewa dakika moja alilala kifudifudi mchangani bila kuambiwa. Miaka kumi na mitatu mambo yalikwenda hivyo, na wazazi walisifu. Walisema ile shule iko na nidhamu. Watu bwana.

Mtu mmoja tu hakufurahi, na huyo ni mke wake, Philomène.

Huyu Philomène alizaliwa Kirungu, kule juu Marungu, ambako asubuhi huwezi kutoka bila sweta. Alisoma kwa masista mpaka mwaka wa tano wa sekondari, na mwandiko wake ulikuwa mzuri hivi kwamba padri alimpa kazi ya kuandika kadi za ubatizo. Alishuka Kalemie na miaka ishirini na miwili, ana blanketi moja na kuku wawili, akaolewa. Akashika jembe, akalima mihogo nyuma ya mtaa, akazaa mtoto mmoja, Ketsia. Si mwanamke wa maneno mengi. Ukimkuta bombani anakusalimu, anachota, anaenda.

Kipigo cha kwanza alikipata mwezi wa tatu wa ndoa, kisa chumvi. Baada ya hapo alijifunza jambo ambalo hakumwambia mtu. Casimir akirudi kutoka shuleni siku yenye wachelewaji wengi, mkono wake umechoka, na nyumba inatulia. Siku za Jumatatu ndizo alizopenda. Jumapili alijihadhari. Likizo kubwa alikwenda shamba na mtoto alfajiri, akarudi jua likiisha. Miaka kumi na miwili aliishi hivyo, watoto wa wengine wakibeba fungu lake. Alilijua hilo na liliuma. Kanisani alikuwa hawezi kuwatazama usoni.

Halafu ziwa likapanda. Maji yaliingia madarasa sita ya chini, yakafika madirishani, madawati yakaelea. Nusu ya wanafunzi wakahamia kwingine. Kampuni yenye shule, iliyoijenga kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wake, ikasema haitafukuza mtu, ila kila mmoja atafanya kazi siku mbili na kukaa nyumbani siku nne, na kwa zile siku nne atalipwa nusu. Wakaliita jambo hilo shomaji. Niseme ukweli, haikuwa roho mbaya. Shule zingine zilizoingiliwa na maji ziliwaambia watu kwaheri tu.

Lakini kampuni si mjinga. Haiwezi kukulipa ukae nyumbani halafu wewe uende bandarini kubeba magunia. Kwa hiyo ikatoka karatasi yenye safu tatu: tarehe, alikuwa wapi, alifanya nini. Mfanyakazi haijazi mwenyewe. Anaijaza mkewe au mumewe, anatia sahihi, na mwisho wa mwezi anaileta kwa mkono wake. Na kwa kuwa wafanyakazi wale hawaaminiani hata kidogo, Mama Pétronille, mpishi wa uji na mjumbe wao, alidai kila karatasi isomwe kwa sauti mbele ya wote, ndipo ipigwe mhuri, na nakala irudi nyumbani.

Jumanne ya kwanza Casimir aliweka kiti mbele ya mlango, akakaa. Saa mbili alikagua masufuria. Saa tatu alipanga viatu vya Ketsia kwa mstari na kumwuliza mtoto kwa nini kimoja kina matope. Saa saba maharagwe hayakuwa yameiva, akamwambia Philomène apige magoti katikati ya ua.

Philomène alicheka. Mwanamke wa miaka thelathini na minne apige magoti kwa ajili ya maharagwe, alidhani ni mzaha. Mpira wa tairi ulimpata shingoni, wa pili ukampata sikioni, na alipoanguka aliendelea kupigwa pale chini, polepole, kwa hesabu, kama mtu aliye kazini.

Jioni Casimir alimletea karatasi na kalamu. "Andika."

"Niandike nini?"

"Nyumbani. Alipumzika."

Akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa kadi za ubatizo. Jumatano alipigwa kwa sababu mlango ulilia, akaandika alipumzika. Ijumaa alivunjwa jino kwa kufuli ya mlango, akatema damu kwenye beseni, akanawa mikono ili asichafue karatasi, akaandika alipumzika. Mwisho wa mwezi karatasi ilisomwa ukumbini, watu wakasema Papa Casimir kweli anajua kupumzika, mhuri ukapigwa.

Alikwenda kwa dada mkubwa wa mume wake. Dada alimsikiliza huku anachambua mchele.

"Mama Ketsia, vumilia," alisema. "Bwana yako alizoea kazi. Maji yakishuka, na yeye atashuka."

Maji hayakushuka. Mwezi wa pili ulipoanza, Philomène alimshika Ketsia mkono, wakapanda boti ya Moba, wakapanda milima kwa miguu mpaka Kirungu kwa kaka yake. Kaka alimpokea vizuri. Usiku wa kwanza Ketsia alilala bila kushtuka, na mama yake alilia kwa kuona hivyo.

Siku ya tisa ukoo wa Casimir ulifika na shemasi na mbuzi. Wakaketi. Philomène akaeleza, akaonyesha jino. Shemasi akauliza nani aliona. Majirani? Majirani wa Kalemie walishasema kelele ziko katika kila nyumba. Ndipo dada wa Casimir akafungua pochi, akatoa nakala ya karatasi ya mwezi wa kwanza, ina mhuri wa buluu. Akampa kaka mtu.

"Huu ni mwandiko wa nani?"

Kaka aliusoma mara mbili. Alipumzika, alipumzika, alipumzika, na chini yake sahihi ya dada yake wa damu.

"Sasa tuamini jino ama tuamini mkono wako?" shemasi aliuliza, tena kwa upole.

Kaka hakumwangalia tena. Kesho yake mama na mtoto walirudishwa Kalemie, na mbuzi akachinjwa.

Casimir alimngojea siku mbili nzima kabla ya kumwadhibu, na hizo siku mbili zilikuwa mbaya kuliko kipigo. Ijumaa mchana alifunga mlango. Alimpiga kwa mpira mpaka mpira ukakatika, akachukua mkaba wa suruali yake, halafu akatumia mguu. Philomène alikuwa chini ya meza anakinga kichwa. Ketsia, miaka tisa, kilo ishirini na kitu, akaja akasimama katikati. Alisimama tu na mikono wazi.

Casimir alishika mkono mmoja kati ya ile miwili, akaukunja nyuma. Ulilia kama kijiti cha kuwashia moto. Mtoto alikaa chini taratibu, macho yameduwaa, akatapika.

Hospitali waliambiwa ameteleza kisimani. Muuguzi aliandika kisimani bila kuinua macho. Jioni Casimir aliisukuma ile karatasi mezani, na Philomène, ambaye jicho moja lilikuwa limefunga kabisa, akaandika alipumzika. Hakubisha. Alikuwa ameshaamua. Siku ile ya Kirungu alifahamu kitu kimoja: ukoo ule haumwamini mtu, unaamini mhuri. Basi atautafuta mhuri. Akiupata, hakuna shemasi wa kumrudisha yeye wala mtoto. Asipoupata, Ketsia atatoka hospitali na kurudi katika nyumba ile, na mara ijayo hautakuwa mkono.

Siku ya kulipwa ilikuwa Alhamisi, siku ya Casimir ya kukaa nyumbani. Alitangulia shuleni ili akae mstari wa mbele. Philomène alipitia mlango wa nyuma, akaenda biro, yaani ofisini, kwa Laure, karani.

"Karatasi yangu imeharibika. Nipe ingine."

Laure alitazama jicho, akatazama shingo, akafungua droo. Akampa.

Philomène aliketi kwenye benchi ya veranda akajaza siku zote tangu aliporudi. Hakuharakisha. Alipomaliza aliisoma tena kuona kama amekosea tarehe, akamkabidhi Laure, akaingia ukumbini akasimama ukutani karibu na ubao.

Ukumbini walikuwa watu kumi na tisa. Laure alianza na Joël, mlinzi wa geti: alikuwa nyumbani, alifua nguo, alikuwa nyumbani, aligombana na bata wa jirani. Watu wakacheka. Akapigiwa mhuri na mkuu wa shule. Halafu Laure akachukua karatasi ya Casimir, na sauti yake ikabadilika kabla hajafika mstari wa pili.

"Jumatano. Alikuwa nyumbani. Hakusema na muntu. Alhamisi. Alikuwa nyumbani. Alinoa mukasi akiniangalia. Ijumaa. Alikuwa nyumbani. Alinipiga na mupira mpaka ukakatika. Alinipiga na mukaba. Alivunja mukono wa kushoto wa Ketsia, mutoto wake."

Akashusha karatasi.

"Endelea," Mama Pétronille alisema.

"Jumanne. Alikuwa nyumbani. Aliniambia nikisema hospitali, atavunja ule wa kuume."

Casimir alikuwa ameshasimama. Hakukimbia, alitembea, kama alivyokuwa akitembea kati ya mistari ya watoto, na watu wakampisha kwa mazoea. Hilo lazima lisemwe: walimpisha. Alimfikia Philomène ukutani, akamshika nywele, akagongesha uso wake kwenye ubao mara moja, mara mbili. Chaki zikamwagika. Wa kwanza kumrukia alikuwa Joël, mzee wa miaka sitini, akapigwa kiwiko cha pua, damu ikamjaa mdomoni, lakini hakuachia. Mama Pétronille akanyanyua kiti, akamvunjia Casimir mgongoni, akachukua kingine. Benchi zikapinduka. Mwalimu mmoja akashika miguu, mwingine akakaa juu ya kifua, na wakati wanamlaza chini wengi walimtupia mateke ambayo hayakuwa na kazi tena ya kumzuia. Walikuwa na watoto, wale. Watoto wao walipita getini kila asubuhi.

"Basi," Philomène alisema. "Musimuue. Nitahitaji sahihi zenu."

Alikuwa amepasuka paji la uso, na damu ilimwingia kwenye lile jicho zima. Alijipangusa kwa kitenge, akaokota karatasi chini, akaweka juu ya dawati. Direkta Aristote, mtu mpole, mkuu wa shule ile tangu mwanzo, alimfuata haraka akanong'ona.

"Mama Ketsia, mambo ya nyumba tunayamaliza nyumbani. Andika ingine. Andika alipumzika, mume wako apate haki yake, halafu tutaketi, tutazungumza."

"Karatasi inauliza alikuwa wapi na alifanya nini. Nimejibu," Philomène alisema. "Bado ya leo."

Akainama akaandika, watu wakiangalia: Alhamisi. Alikuwa shuleni. Alinipiga mbele ya wote. Akatia sahihi yake, akampa kalamu Mama Pétronille.

Mama Pétronille alitia sahihi. Joël alitia, akaacha alama ya damu ya pua kwenye pembe. Laure alitia. Kalamu ilizunguka. Mwalimu wa darasa la sita aliishika muda mrefu, akaipitisha kwa mwenzake bila kuandika, na kila mmoja pale alijua mke wa mwalimu huyo huvaa kitambaa shingoni hata wakati wa joto. Waliotia walifika kumi na wanne. Casimir alikuwa bado chini, shavu limebanwa sakafuni, anaita majina yao moja moja, anaahidi kila mmoja cha kwake.

Kalamu ikafika kwa direkta. Mhuri ulikuwa mfukoni mwake.

"Mama, miye ni wa kazi," alisema. "Siwezi kuingia katika nyumba ya muntu."

"Papa Direkta," Philomène alisema, "miezi miwili munamulipa akae na siye. Muliingia zamani. Tia sahihi."

Direkta Aristote alitazama karatasi, akatazama ubao wenye damu, akavua miwani, akaivaa tena. Halafu akatia sahihi. Mhuri wa kwanza ulitoka hafifu, akapiga wa pili.

Philomène alingoja wino ukauke. Akaikunja karatasi mara mbili, akaiweka kifuani, akatoka kwenda hospitali kumchukua Ketsia. Boti ya Moba ilikuwa inaondoka saa sita.