Mtani Wangu na Mkanda wa Taimingi

Mimi ni Mnyamwezi, na fundi wangu wa gari pale Kisarawe alikuwa Mzaramo. Kwa anayezijua desturi zetu, hapo nimeshasema mengi: tulikuwa watani. Hakuwahi kuniamkia kama watu wanavyoamkiana. Akiniona nateremka kutoka ofisi za wilaya, anatangaza kwa sauti kwamba pagazi wa babu yake amefika, mizigo iko wapi. Nami namjibu kwamba Mzaramo na spana wapi na wapi, arudi kwenye ngoma. Basi siku imeanza vizuri.

Gari lenyewe lilikuwa la Kitaliano, dogo, rangi ya maziwa, nililouziwa na mwalimu aliyekuwa anahama Tumbi. Jamani, nililipenda gari lile! Nikaandika barua nyumbani Tabora kwamba mama akija kunitembelea, nitampokea stesheni ya Dar es Salaam kwa gari langu mwenyewe. Mama hakuwahi kupanda gari dogo maishani mwake. Alijibu, kwa mkono wa mjomba, kwamba anakuja baada ya mavuno, na kwamba majirani wote ameshawaambia.

Hapo ndipo mkanda wa taimingi ulipochakaa. Ni mkanda wa mpira wenye meno, unaounganisha shafti ya chini ya injini na ya juu ili valvu na pistoni ziende kwa zamu, zisigongane. Miaka ile spea zilikuwa adimu kuliko sukari, na sukari yenyewe tuliipangia foleni. Fundi alinikataza kuliendesha mpaka upatikane mwingine. Nilisubiri miezi mitatu, hadi shemeji yake aliyekuwa baharia alipouleta kutoka safarini, umeviringishwa ndani ya soksi. Imebaki siku moja mama afike.

Ilikuwa Ijumaa. Fundi aliutoa mkanda wa zamani, akaingiza mpya, akawa bado hajazilinganisha alama za puli, zile zinazopanga zamu ya valvu na pistoni, mara muadhini akaadhini. Akanawa mikono, akavaa kanzu, akaniambia, "Mnyamwezi, usiguse ufunguo. Ukiliwasha, litakufa."

Sasa ningejuaje? Mtu huyu wiki nzima alikuwa ananiambia gari litakufa kwa sababu limechoka kuendeshwa na pagazi. Nikacheka, nikamwambia aende akaswali, asije akasingizia kazi. Mkanda niliuona umekaa, meno yote yameshika. Nikajisemea huyu anataka tu awe wa kwanza kuusikia mlio. Hajafika hata msikitini, nikageuza ufunguo.

Chuma kiligonga chuma, mara tatu nne, halafu kimya.

Aliporudi alijaribu kuzungusha injini kwa mkono, ikagoma, akaketi chini na kanzu yake nyeupe juu ya mchanga wenye oili. Valvu zilikuwa zimepinda, na valvu za gari lile hukuzipata duka lolote. Nikamfokea, nikamwambia angesema bila utani. Akanitazama, akasema kwa upole, "Lini nimewahi kukuambia kitu bila utani?" Kosa lilikuwa langu, nami nililijua, ndiyo maana nilifoka.

Kesho yake tulikwenda stesheni kwa basi, mimi na yeye. Hakuna aliyemwomba aje. Mama aliposhuka na sanduku lake la bati, fundi alilinyakua akalitia kichwani, akamwambia leo Mzaramo ndiye pagazi wa Wanyamwezi, dunia imegeuka. Mama alicheka mpaka akashika nguzo. Halafu akanigeukia, akaniuliza gari liko wapi. Nikamwambia liko Kisarawe, kwa fundi. Uso wake ulishuka kidogo, akasema haidhuru. Haidhuru ile iliniuma kuliko kama angenigombeza.

Siku tatu baadaye, asubuhi, fundi alikuja nyumbani akaniita pembeni. Barabara inateremka kuelekea Pugu, alisema, na mteremko hauhitaji injini. Breki zinashika, usukani unazunguka. Nikamwona mwendawazimu. Kisha nikaenda kupiga pasi shati langu jeupe.

Mama alikaa mbele, khanga mpya, mkoba mapajani. Vijana wakasukuma, naye hakushangaa, maana siku zile gari gani halikusukumwa? Likaanza kujiendea lenyewe. Upepo ukaingia madirishani, mihogo na mikorosho ikapita huku na huku, na fundi kule nyuma akawa anamwonyesha mashamba na kudai yote ni ya babu yake. Mimi nimeng'ang'ania usukani, jasho linanitoka, naomba asikatize mbuzi. Mama akasema, "Gari lako tulivu, baba. Halina kelele hata kidogo."

Fundi akakohoa. Tulipofika chini likasimama, nikamwambia mama petroli imekwisha, na kwa miaka ile hilo halikuhitaji maelezo. Tulirudi kwa basi, naye njia nzima akawasimulia abiria habari za gari la mwanawe.

Valvu zilipatikana baada ya mwaka na zaidi. Mama tulikuwa tumeshamzika Tabora, hata siku arobaini hazijatimia. Fundi alizifunga, akazilinganisha alama, akaizungusha injini kwa mkono mara mbili, kisha akanipa ufunguo. Injini ikawaka, ikanguruma mpaka kuku wa jirani wakatawanyika.

Kwetu, kwenye msiba mtani ndiye mwenye ruhusa ya kutania, na anayetaniwa haruhusiwi kukasirika. Fundi aliinama dirishani, macho yamemlowa, akasema, "Pagazi, ulimdanganya mama. Gari hili lina kelele."

Nikazima. Nikacheka, kicheko kikageuka kilio, na yeye akabaki pale ameshika mlango mpaka nilipomaliza.