Nilivyoipa "Abrupt" Asili ya Uongo

Wenzangu, bado nikiona chaki natokwa jasho. Nafundisha Kiingereza jioni, ghorofani hapa Msimbazi. Wiki iliyopita mkuu wa kituo chetu cha masomo alikaa nyuma darasani, aamue kama nibaki au niondoke.

Mzee Komba, muuza vitunguu anayesoma kwangu, akanyoosha mkono. "Mwalimu, 'abrupt' ni ghafla. Neno lenyewe limetoka wapi?"

Sikujua, lakini nikajibu, "Uarabuni! Lilikuja na wafanyabiashara wa karafuu."

Wote wakaandika, isipokuwa Mzee Komba. Nikaongeza na sultani.

Akaja mbele, akachukua chaki mkononi mwangu, akaivunja. "Ni Kilatini, mwanangu. Kuvunjika, kama hivi. Nilikifundisha seminari kule Songea."

Kutoka nyuma mkuu akasema, "Shikamoo, mwalimu."

Hakuwa akiniamkia mimi.