Folda Niliyompa Mathe kwa Flashi

Zamani nilipenda sana kutafutwa. Mtu akikwama na kompyuta pale chuoni Thika, niliitwa mimi, nami nilijifanya nina haraka ili niombwe mara mbili. Hata kuandika haya naona aibu.

Darasani tulikuwa na mama mmoja kutoka Bungoma, tuliyemwita Mathe, mfanyakazi wa kiwandani, aliyesoma zamu zake zikimruhusu. Mradi wake wa mwisho ulikuwa programu iliyoandikwa kwa Python, lugha ya kompyuta, ya kutambua ugonjwa wa parachichi kwa picha ya jani. Kiwandani walikuwa wamemwahidi kazi ya ofisini akileta cheti. Lakini kwenye laptop yake maktaba mbili, yaani vipande vya programu vilivyotengenezwa tayari, ziligombana: zote mbili zilitegemea kipande cha hesabu kiitwacho numpy, lakini moja ilitaka cha zamani, nyingine ilitaka kipya. Aliporidhisha hii, ile iligoma.

Niliumaliza ugomvi huo nyumbani kwangu Ruiru. Kwenye laptop yangu nilitenga folda, ile tunayoita venv, programu moja ikae humo na maktaba zake peke yake, nikajaribu matoleo hadi yakapatana. Asubuhi ya siku ya kuonyesha miradi nikampelekea folda nzima kwa flashi.

"Si ungeniandikia tu majina na version, nidownload mwenyewe?" aliuliza.

"Mathe, utamaliza bundles za intaneti bure. Hii ni kucopy tu. Hata usijaribu, iko sawa."

Yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Folda ya namna hiyo haihamishwi hivyo, kwa sababu ndani yake imeandikwa Python iko wapi kwenye kompyuta ya kwanza, na ukiihamisha inazidi kuitafuta kule kule. Mimi nilikuwa na kiburi, sikuwa na habari hiyo.

Zamu yake ilipofika, akabonyeza. Ukatokea mstari mmoja wa kusema hakuna Python mahali fulani. Nilikuwa nimeketi mbele kabisa, nikausoma: katikati yake mlikuwa na jina langu, lile la akaunti yangu kwenye laptop yangu.

"Nani alikusaidia?" mhadhiri akauliza kutoka nyuma. Darasa zima likanigeukia.

Ningesema ukweli, tungeirekebisha kwa dakika kumi.

"Mimi niliiacha ikifanya kazi," nikajibu. "Labda aliguza kitu."

Mama akautazama ule mstari, kisha akanitazama. "Pole, mwalimu," akamwambia mhadhiri. "Labda niliguza."

Akaambiwa ajaribu tena mwaka ujao.

Alinifuata kwenye ngazi, daftari mkononi. Nilidhani amekuja kunitukana, na kwa kweli ningeshukuru.

"Nionyeshe penye niliguza," akasema, "ndio nisirudie."

Nilifungua laptop yake, nikachagua faili moja isiyo na kosa lolote, nikaigusa kwa kidole. Akaliandika jina la faili hiyo herufi kwa herufi, kisha akanigeuzia daftari nihakikishe hajakosea.

Nikamwambia yuko sawa.