Siku Niliyomweka Nyambura wa Mwisho

Tuelewane mapema: mnaweza kucheka, lakini mkicheka sana nitaondoka, kwa sababu hii hasira bado haijapoa. Aibu ni yangu, naikubali, nimeibeba mwenyewe kutoka Ndabibi mpaka Lanet na bado ninayo. Juzi nikiwa dukani (nauza spea za magari, mnajua) mteja aliitisha plagi nikampa brekipedi, na aliponiuliza kama niko sawa nikamfokea, maskini, kumbe kichwani nilikuwa bado nimesimama chini ya ile tenti na maiki mkononi kama mjinga.

Na chanzo chake si pombe wala si wanawake. Ni muziki.

Baba yangu alikuwa dereva wa lori, na alipofariki aliniachia katoni ya santuri, karibu zote za Radi Bendi. Kama wewe ni kijana, Radi ilikuwa bendi ya roki ya hapa hapa Nakuru, watu wa nywele kubwa na suruali pana, gitaa zinanguruma mpaka kikombe kinatembea juu ya meza. Sasa, kila santuri ndogo ina pande mbili. Upande wa kwanza ndio wimbo wenyewe, ule wa kupigwa redioni na baa, na upande wa pili unawekwa chochote cha kujaza sahani, na mimi husema huko ndiko unaijua bendi, kwa sababu huko hawajipambi. Nyimbo za upande wa pili za Radi nazijua zote, na nimezipanga kuanzia bora kabisa hadi mbovu kabisa, na huo mpangilio nimeubishania kuanzia Kaptembwo nilikozaliwa mpaka kwa kinyozi wangu wa Lanet, na sijawahi kushindwa. Hiyo ndiyo ilikuwa shida. Mtu ambaye hajawahi kushindwa hukosa breki.

Nyambura ni mchumba wangu. (Nasema mchumba, lakini ukweli ni kwamba tulikuwa tunakaa pamoja Lanet tangu mwaka jana, na kwao walijua anakaa Free Area na binamu yake, kwa sababu babake ni mzee wa kanisa na habari za njoo-tukae hataki kuzisikia hata kwa jirani.) Huyo babake humwita mama. Akipiga simu utasikia, "Mama amekula? Mama yuko salama?" Mara ya kwanza nilishangaa nikamuuliza Nyambura, akaniambia, "Ni mimi. Buda huniita hivyo," akaendelea na kazi zake. Hakuongeza kitu. Na hapo nina haki ya kumkasirikia, kwa sababu sentensi moja tu zaidi ingetuokoa sote. Kwetu pia baba anaweza kumwita msichana wake mama, ni mapenzi tu, basi nikaelewa nilivyoelewa.

Siku ya kwenda kwao Ndabibi kuposa ikafika. Tulikuwa mimi, wazee wetu, akina mama wachache, na Mjomba Simiyu, kakake mama yangu, ambaye ndiye alikuwa msemaji wetu. Wamama wa Ndabibi wakatufungia geti kama ilivyo desturi yao, wakaimba, tukaimba, tukafunguliwa. Nyambura alikuwa amefichwa ndani ya nyumba na wasichana wengine, na baadaye wangetolewa wote wamefunikwa leso kutoka kichwani hadi miguuni, nimtambue wangu. Kila kitu kilikuwa kinaenda vizuri, na kingeendelea kwenda vizuri kama chakula kingekuwa tayari.

Chakula hakikuwa tayari. Mukimo ulikuwa bado unapondwa, mbuzi bado anageuzwa kwenye moto, upepo unatujaza vumbi machoni, na MC (kijana mmoja wa suti ya kung'aa ambaye nikikutana naye mjini nitavuka barabara, si kwa kumwogopa, ni kwa usalama wake) akaamua kutuchangamsha. Akauliza bwana harusi mtarajiwa ana kipaji gani. Mjomba Simiyu, badala ya kusema naenda kanisani, au nauza spea, au nalala mapema, akasimama na kofia yake mkononi akasema, "Huyu kijana wetu anajua muziki wa zamani kushinda redio. Muulizeni ya Radi Bendi."

Wazee wa upande ule wakatazamana. Niliwaona. Nikadhani ni furaha.

MC akaniletea maiki. Ningesema tu, asanteni, tutaongea tukishakula, na leo ningekuwa mtu na mke wake. Nilichukua maiki.

Nikaanza na bora, "Treni ya Njoro", ambao waliuficha nyuma ya wimbo fulani wa mapenzi usio na kichwa wala miguu, na mle ndani gitaa la besi linatembea peke yake kama mtu anayejua anakoenda, nikawaambia yule mpiga besi angezaliwa Ulaya angejengewa sanamu. Mzee mmoja wa upande wao akapiga makofi. Bibi mmoja aliyekaa mbele kwenye kiti cha sofa, shali mabegani, akatikisa kichwa polepole akitabasamu. Nikapata nguvu. Nikasema wa pili ni "Barua Haijafika", nikaeleza kwa nini wanaouweka wa kwanza hawana masikio (hapo nilimtazama MC, kwa sababu alikuwa ameanza kufungua mdomo), nikasema "Mvua ya Elburgon" uko katikati, hauna dhambi na hauna wokovu, na vijana wakaanza kuitisha, "Wa mwisho, boss, tupe wa mwisho," na MC akaunganisha simu yake na spika, hakuna aliyemtuma.

Basi nikawapa. Nikasema, "Wa mwisho kabisa, mbovu kuliko zote walizowahi kurekodi, mnisamehe, ni 'Nyambura'."

Tenti zote mbili zikacheka kwa sababu ya jina, na kile kicheko kikanilevya. MC akauweka. Sasa katika huo wimbo kuna mwanamke anaitikia huko nyuma, "Niko hapa, niko hapa," kwa sauti ambayo nimeichukia tangu utoto wangu, na ilipoanza tu nikasema kwa maiki, "Msikieni. Huyo si mwimbaji. Huyo ni mbuzi amefungwa juani akasahauliwa. Nani alimwacha huyo mama karibu na maiki?"

Hapo kicheko kikabaki kwa watu wangu peke yao. Yule bibi wa sofa alikuwa ameacha kutabasamu, lakini mimi nani, niliendelea kumwiga yule mwanamke, "Niko hapaa," shingo nimeinyoosha.

Baba Nyambura akasimama. Ni mtu mrefu, mpole, hajui kupaza sauti. Akasema, "Kijana. Huyo Nyambura ni mama yangu."

Nyinyi mngeelewaje? Mtu ambaye kila siku namsikia akimwita msichana wake mama ananiambia Nyambura ni mama yangu. Nikajua amenirudishia utani, mkwe mcheshi, nimeshapendwa hapa. Nikacheka naye. Nikamjibu, na bado kwa maiki, "Huyo namjua, mzee. Na hata yeye sauti ni hiyo hiyo. Kila asubuhi akianza kuimba akiosha vyombo namwambia anyamaze, majirani wamelala."

Jikoni mukimo uliacha kupondwa.

Mama mmoja mwenye kitambaa cha kanisa kichwani akamuuliza mwenzake, kwa sauti aliyodhani ni ya chini, "Vyombo vya nani?"

Mjomba Simiyu akanivuta koti. "Keti chini wewe." Nikaketi. Halafu (hii ndiyo inayoniuma, kwa sababu nilikuwa nimeshaketi, nilikuwa salama, ningebaki pale) nikasimama tena ili nieleze. Nikasema, "Sikumaanisha kila asubuhi. Kuna siku anatoka mapema."

Na wimbo, jamani, bado ulikuwa unalia. Niko hapa, niko hapa. Yule MC alikuwa ameganda na simu yake mkononi kama amepigwa na stima.

Yule mzee aliyenipigia makofi ndiye aliyenisogelea akanieleza, kwa huruma ambayo ilikuwa mbaya kuliko kofi. Mpiga besi wa Radi Bendi alikuwa marehemu babake Baba Nyambura. Anayeitikia kwenye wimbo ni mkewe, Nyambura mkubwa. Nyambura mkubwa ni huyu hapa kwenye sofa. Msichana wangu alipewa jina lake, na kwa hivyo kwa babake yeye ni mama, si kwa kubembelezwa, ni mama kabisa. Sasa kwetu, watu wa Bungoma, mtoto hupewa jina la mtu aliyekwisha kufa. Haikuwahi kunipitia akilini kwamba mwenye jina anaweza kuwa hai, amekaa mbele yangu na shali yake, na nimetoka kumwita mbuzi.

Mtu mwingine angeona haya. Mimi nilikasirika, ndivyo nilivyo, aibu ikinishika inageuka hasira kabla haijafika usoni. Niliwakasirikia wote. Nilimkasirikia Mjomba na sifa zake, nikamkasirikia MC, nikawakasirikia wapishi, nikaikasirikia Radi Bendi kwa kutoandika majina ya watu kwenye santuri. Zaidi ya wote nilimkasirikia Nyambura, kwa sababu huo wimbo nimeutukana nyumbani mara nyingi, yeye yupo, anasikia, na hakuwahi kuniambia, "Huyo ni shosho yangu, mama ya baba." Nilikaa pale nikimsuta kimoyomoyo: kwa nini hukusema, kwa nini hukusema.

Shosho akainua mkono. MC akazima simu, hatimaye.

"Huo wimbo ni mbaya," shosho akasema. "Mwimbaji wao alikuwa amelewa siku hiyo, mzee wangu akanisimamisha hapo na mimi nina mtoto mgongoni. Hata mimi siupendi. Hiyo wachana nayo."

Nikapumua. Mjomba naye akapumua, nilimsikia.

"Lakini huyu mwenye jina langu," akasema, "ni kweli unamwambia anyamaze?"

"Shosho, hiyo ilikuwa mzaha tu."

"Basi nitamuuliza yeye." Akageukia nyumba. "Nyambura. Toka nje."

Nyambura akatoka, leso bado kichwani, amefunua uso. Hakuna aliyenipa nafasi ya kumtambua kati ya wengine, alitoka tu, peke yake, akasimama kwenye jua.

"Huyu akikuambia unyamaze," shosho akamuuliza, "wewe unafanya nini?"

Nyambura akanitazama. Nami nilimtazama na lile jicho la sema vizuri, mnalijua, hata pale, hata katikati ya moto niliouwasha mwenyewe nilimtupia lile jicho. Akainamisha kichwa.

"Nanyamaza, shosho."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayeulizwa chai anatumia sukari au hatumii. Na mimi niliyekuwa nimeketi nikiuliza kwa nini hakuniambia, nikapata jibu langu mbele ya watu wote. Hilo la mbuzi lingesameheka, na hata la vyombo, wazee wangeng'ata meno wakalimaliza. Hili lilinishinda. Nilitaka ardhi ipasuke, na nilikuwa na hasira, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hapakuwa na mwingine wa kuielekezea.

Baba Nyambura akasimama tena. "Mgeni hafukuzwi akiwa na njaa," akasema. "Mtakula, mtaomba, mtaenda. Siku mkirudi, mtaanza na kondoo wa kumtuliza mama, halafu ndipo tutajua kama kuna maneno." Akamgeukia msichana wake. "Na mama anabaki hapa."

Safari hii nilijua ni mama yupi.

Tulikula. Sijui tulikula nini. Mjomba Simiyu hakunisemesha mpaka tukafika mjini, na aliponisemesha aliniambia kuanzia sasa nitafute msemaji mwingine, yeye ana jina lake Bungoma.

Kwa hivyo nimeapa. Mtu akiniuliza wimbo gani ni mbaya nitamwambia nyimbo zote ni nzuri, Bwana asifiwe. Maiki sitashika tena hata kanisani, hata kwenye mazishi yangu wanipitishe bila. Kondoo ninamtafuta, na nimeambiwa awe mnono. Na kama mnauliza kuhusu mpangilio, sikukosea, mwenye sauti mwenyewe amekiri ule wimbo ni mbovu, lakini hebu tazameni kuwa sahihi kumenifikisha wapi.

Nyambura hapokei simu zangu mara kwa mara. Jumapili mdogo wake alishika, akasema, "Ngoja nimpelekee, yuko kwa kabichi," nikamsikia akitembea shambani na simu mkononi. Halafu nikasikia mtu anaimba. Sauti ilikuwa kubwa, ya wazi, inapanda inashuka bila kuogopa mtu, na nilisimama dukani nikiwa nimeshika fan belti ya mteja nikiwaza ni nani huyo, kwa sababu nyumbani kwangu sikuwahi kuisikia ikifika pale. Ilizidi kukaribia. Nikajisahau.

"Haloo," nikasema. "Ni mimi."

Akanyamaza.