Kompyuta Imepumzishwa

Nilikuwa kwenye duka la muvi pale Katesh, nikisubiri kuwekewa filamu kwenye flashi. Mwenye duka akajigamba kwamba kompyuta inayopakua filamu za torenti kutoka mtandaoni iko kwa mama yake, kijijini Mogitu. Yeye huiamuru kwa kuandika maneno tu kwenye simu. Akaandika. Kimya. Akaandika tena, wateja tukimtazama. Mwishowe akapiga simu, akainama kidogo.

"Shikamoo, mama. Kompyuta imekuwaje?"

"Marahaba. Nimeizima. Imeunguruma tangu alfajiri. Hata maksai tunawafungua jua likiwa kali."

"Naomba uiwashe, mama."

"Ikishapumzika."

Akatugeukia: "Inapumzika." Hakuna aliyebisha, sote tumelima kwa maksai.

Kwa hiyo kuiamuru kompyuta kutoka mbali labda kunawezekana. Kumwamuru mama ndiko bado.