Ukuta wa Fundi Cherehani

Fundi cherehani wa Burumba huongea na pini mdomoni, na kicheko chake hutokea puani, mabega yakicheza zaidi ya mguu ulio kwenye pedali. Kila akimaliza nguo huokota kipande cha makaa na kuchora ukutani nyuma yake: suruali mstari, gauni duara. Kodi ya mapato ilipomfikia, sisi majirani tulimsihi atafute karani wa hesabu. "Nimlipe mtu asome ukuta wangu? Macho si ninayo!" Lakini faini ilimtisha, na wiki ya Krismasi akaenda Kisumu, akarudi na karani mwenye tai.

"Hesabu ziko wapi, mzee?"

Fundi akanyoosha mkono nyuma kwa madaha, bila hata kugeuka. Karani akakodoa macho. Ukuta ulikuwa laini, unang'aa: mkewe, Naliaka, alikuwa ameusiriba upya kwa udongo na samadi.

"Sasa Krismasi ije na nyumba chafu?" akauliza Naliaka.

Fundi akageuka. Pini zote zikamdondoka mdomoni, na kwa mara ya kwanza tukayaona meno yake: alicheka mpaka akashikilia cherehani asianguke. Kisha akavuta utepe wa kupimia shingoni mwake, akampima karani kiuno, na kwenye ukuta mpya akachora mstari mmoja.

"Haya, andika. Tumeanza na suruali yako."