Vigingi Viwili vya Upande wa Baharini

Nilipoambiwa nilegeze vigingi viwili vya mkeka, upande wa baharini, nilijibu, "Sawa, Kapteni." Laiti ningekataa. Hakuna aliyenishikia bunduki siku ile. Niliogopa kupoteza kazi, basi. Nayaandika haya kwa sababu vijana wetu wa Kibajuni hapa Mombasa huniuliza kama ni kweli Kismayo palikuwa na Wahindi waliocheza kriketi, na mimi nilikuwa nani kwao.

Ni kweli, walikuwapo. Hawakuwa wengi: wenye maduka ya nguo, masonara, walimu, makarani wa forodha. Wazee wao walitoka Kachi na Bombay, na walinisimulia kwamba mwanzoni walicheza ufukweni kwa gongo lililochongwa na fundi wa mashua, masanduku matupu ya chai yakiwa wiketi, yaani shabaha ya mrushaji. Baadaye wakapata uwanja nyuma ya mji na kujenga klabu yenye baraza. Hoki walicheza, voliboli walicheza, na wanawake wao walikuwa na badminton yao uani. Lakini kriketi ndiyo iliyowafanya wafunge maduka.

Nilianza kazi klabuni mara tu baada ya kumaliza sekondari. Nilitaka kukaa ofisini. Siku ya kwanza Katibu wa klabu, mwalimu wa hesabu aliyetembea na mwavuli hata kiangazi, alinipeleka barazani akanionyesha mkeka mrefu uliokunjwa kama maiti.

"Unaona nini, Lali?"

"Mkeka, Mwalimu."

"Huo ndio uwanja wetu. Kule nje ni udongo tu." Akanieleza kwamba majani hayaoti pale, kwa hiyo mpira hudundia juu ya mkeka uliotandikwa kati ya wiketi mbili. "Mtu husimama mbele ya mpira mgumu kama jiwe, kichwa wazi. Haangalii mkeka. Anaiamini mikono yako. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Ndiyo maana sina udhuru.

Mkeka wenyewe ulitoka kisiwani kwetu, Chovae. Makumbi ya nazi yalizikwa kwenye tope la pwani miezi kadhaa, yakatolewa na kupondwa mpaka yawe usumba, yaani nyuzi tupu, ndipo wanawake wakasokota kamba na kuzisuka. Usumba una tabia moja: ukiloa hujikaza, ukikauka hulegea. Kwa hiyo asubuhi ya mechi niliumwagia maji, nikauvuta, nikaukaza kwa vigingi pande zote. Kisha nilipiga magoti na kuupiga kiganja hatua kwa hatua. Mkeka uliokazwa hulia pa, kama ngoma. Uliolegea hulia bu. Ukisikia bu mahali popote, huruhusu mtu kucheza. Saa ya chakula cha mchana jua lilikuwa limeshaukausha, nami niliurudia wote upya.

Nilitumikia makatibu watatu na manahodha wanne. Nahodha wa tatu ndiye Kapteni ninayemzungumzia, mwenye duka la vitambaa, mtu mcheshi aliyeniita "Lali bhai", yaani ndugu Lali, na kuwapa watoto wangu nguo za Idi. Wakati wake timu ya Wahindi wa Mombasa ilitujia kwa meli na kutufunga mara mbili mfululizo. Walipokuja mara ya tatu, nahodha wao alisimama barazani, chai mkononi, akauliza kwa sauti, "Jamani, hapa huwa mnacheza kriketi au mnafukuza kuku?" Watu wakacheka. Kapteni wetu naye akacheka, lakini niliona shingo yake imekuwa nyekundu.

Tulianza kupiga sisi asubuhi, juu ya mkeka uliokazwa ukalia pa kila mahali, tukapata mbio, yaani pointi, za kutosha lakini si za kujivunia. Saa ya chakula, wengine wakiwa kwenye sambusa, Kapteni alinifuata uwanjani.

"Lali bhai, upande wa baharini usiumwagie maji. Legeza vigingi viwili. Na hapa," akagusa kwa ncha ya kiatu mahali ambapo mpira wa mrushaji wetu, sonara mmoja mrefu, ulizoea kudunda, "tia mchanga kidogo chini. Gao moja tu, la kujaa kiganja."

"Mtu ataumia, Kapteni."

"Ataogopa. Kuogopa si kuumia." Kisha akasema polepole, "Wanachama wengine wanataka kuleta mtunza uwanja kutoka Mombasa, mwenye ujuzi wa kisasa. Mimi nimewaambia Lali anatosha. Nisiwe mwongo."

Nikasema sawa. Nikalegeza vigingi, nikainua ukingo, nikatia mchanga.

Nilikuwa bado nimepiga magoti nilipomsikia Katibu akitangaza barazani kwamba mgeni mmoja ameshindwa kuinuka kitandani tangu ashuke melini. Desturi ya Wahindi wale ilikuwa moja, na waliishika kama ibada: mgeni akipungukiwa na mchezaji, mwenyeji humwazima mtu. Katibu akasema, "Tunawaazima Shee, fundi mashua. Atapiga wa mwisho."

Shee ni ndugu yangu, tumbo moja, mdogo wangu. Alijifunza kriketi kwa kunitazama mimi nikitandika mkeka, akaachiwa kucheza kwa sababu alidaka vizuri kuliko Mhindi yeyote pale.

Nilikuwa na robo saa. Kuutoa mchanga ule kungechukua muda wa kunywa maji. Nilimtazama Kapteni, naye akanitazama, akageuka kando. Nikajiambia, wa mwisho huenda asipate hata zamu. Nikainuka.

Wageni wakaanza kupiga. Mpigaji wao wa pili alichapwa mbavuni na mpira ulioruka ghafla. Wa nne alivunjika kidole. Wote walikuwa watu wazima wenye uzoefu, na niliwaona wakianza kurudi nyuma kabla mpira haujarushwa. Jasho lilinitoka kwapani likashuka mpaka kiunoni. Kila wiketi iliyoanguka, yaani kila mpigaji aliyetolewa, ilimsogeza Shee karibu. Watu wetu walishangilia, nami nikaomba Mungu sonara akose shabaha.

Mwamuzi akaja, akakanyaga mkeka. "Huku umelegea, Lali."

"Ni jua, bwana. Usumba ukikauka ndivyo ulivyo."

Ilikuwa kweli ya kazi niliyoitumia kusema uongo. Akakubali, kwa sababu kuhusu mkeka neno langu ndilo lililokuwa la mwisho.

Wiketi ya tisa ikaanguka. Shee akashuka barazani na gongo aliloazimwa, kanzu ameivua, suruali ameipandisha kwa kamba. Wahindi wakampigia makofi. "Fundi, usitoboe mashua!" mmoja akapiga kelele. Alipofika niliposimama na ndoo yangu, alisita.

"Kaka, hawa wageni wamerudi wote wanachechemea. Mkeka u salama?"

Nilikuwa na neno mdomoni. Kapteni alikuwa hatua kumi kutoka pale, mikono kiunoni, akisikiliza.

"U salama," nikasema. "Simama tu imara."

Akacheka. "Mchu hafi kwa mpira," akasema kwa Kibajuni chetu, yaani mtu hafi kwa mpira, akaenda.

Alisimama imara, kama nilivyomwambia. Hakurudi nyuma kama wale wengine. Mpira wa kwanza ukapita. Wa pili uligusa mchanga wangu, ukapanda, ukampata jicho la kulia. Sikusikia sauti ya mpira. Nilisikia gongo likianguka.

Nilikuwa wa kwanza kumfikia na maji, na watu walinisifu kwa hilo. Alipobebwa, niliukunja mkeka haraka na kuukung'uta mchanga kabla mtu hajakuja kutazama. Daktari hakuliokoa jicho.

Shee alirudi kwenye mashua zake. Nilimpitia nikamwona akilenga msumari, nyundo ikiangukia kidole. Hakunilaumu. Wageni walipomtumia salamu za pole, aliniambia, "Ni bahati yangu mbaya, kaka. Weye ulifanya kazi yako." Niliishi na maneno hayo miaka yote, nikiogopa kila mara alipotamka jina la klabu. Wahindi wakazidi kupungua, wengine Nairobi, wengine Uingereza. Vita vilipofika Kismayo, mkeka ulikuwa umebaki barazani na panya. Mimi na Shee tulikimbia pamoja, tukakaa kambi moja, tukala sahani moja, kisha tukahamia Mombasa. Hata kambini, tukiwa hatuna cha kuogopa tena, niliogopa Shee ajue.

Hapa Mombasa ndipo Shee alipokutana na Kapteni, mzee sasa, kwenye kibaraza cha duka la mwanawe. Kapteni alimshika mkono akalia, akamwomba radhi kwa mchanga ule. Alidhani nilikwisha kumwambia.

Shee alikuja kwangu siku hiyohiyo baada ya alasiri. Hakuketi.

"Nikuulize moja tu, kaka. Ulipotia mchanga, hukujua kama nitaingia mimi. Hilo nalikubali. Lakini nilipokuuliza, ulijua?"

"Nilijua."

Akavaa viatu akaondoka. Nilikwenda kwake Ramadhani mbili na kila Idi. Mlango ulifunguliwa, chai ikaletwa, yeye hakutoka.

Vijana wangu, ustadi wa kazi nimewaeleza. Mtunza uwanja hulipwa kwa kusema "hapana, bado hapajakaa sawa" wakati watu wote wanataka mchezo uanze. Mimi niliweza kusikia bu na pa nikiwa nimefumba macho, na siku moja niliposikia bu nilinyamaza.

Shee amefariki mwaka huu. Nilipofika makaburini na kuvua viatu niteremke kumpokea, kama inavyompasa ndugu, mwanawe mkubwa alinishika mkono. "Ami, tusamehe. Baba aliusia usimshike."

Kazi niliyoiogopea nilibaki nayo mpaka vita. Kwa ajili yake nilitoa jicho la ndugu yangu, kisha nikampoteza yeye mwenyewe. Alipozikwa nilikuwa nimesimama nyuma ya watu, viatu mkononi, nikatazama wengine wakimteremsha.